Kilo za Tsofa

Mtu akikwambia Kache wa viazi hurudia mafuta, mwambie Bi Khairiya wa Kibokoni kasema ni mwongo, na kama anabisha aje aniambie mimi mwenyewe. Mimi nakaa ghorofani, Kache anakaa chini, na karai lake huwa pale pale chini ya dirisha langu kila alasiri. Namwona akimimina mafuta mapya, namwona akikaa kwenye kigoda chake na kuyasikiliza. Ndiyo, kuyasikiliza. Wengine hutupia kipande cha kiazi waone kama kitapiga povu. Kache huinamisha kichwa tu, halafu huanza kutia viazi, na kweli yanakuwa tayari. Viazi vyake vya karai havilowi mafuta. Ukivishika kwa karatasi, karatasi inabaki kavu. Ukivitia ule ukwaju wake wenye pilipili, basi hata kama umeshiba utakula.

Ni mtu wa Rabai, kwenye minazi. Ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, lakini mwezi wa Ramadhani haonji kitu mchana mbele za watu. Hata chumvi humwonjesha mwanamke mwenye udhuru wa kutofunga. Mtaa unampenda kwa hilo. Mumewe, Tsofa, alikuwa mtu wa bandarini, kazi yake kupanda juu ya makontena melini na kuyafunga kwa vyuma yasiporomoke. Utasema hiyo ni kazi ya mtu mwepesi, lakini Tsofa alikuwa jitu. Kitambi kilitangulia, yeye akafuata. Akitoka kazini hukaa barazani kando ya karai, apewe kiazi cha kwanza, na wanaume wakipita humtania Kache, wakamwambia tangazo lake hilo limeketi. Naye hucheka, hakatai.

Maana hata yeye alijua. Huku kwetu mume akikonda, watu hawamtazami yeye, humtazama mkewe. Husema hapikiwi, au hana raha nyumbani. Akinenepa, sifa ni za mke. Si haki, lakini ndivyo tulivyolelewa, na mimi nimewasema wengi kwa hilo, wala sitaki kujifanya mtakatifu hapa.

Basi Tsofa alipoanza kukonda, Kache hakushughulika na ugonjwa. Alishughulika na sufuria. Wali ukawa wa tui la kwanza, lile zito lisilotiwa maji. Juu ya wali, samli. Mchuzi wa nyama ulikuja na shahamu yake yote, ukipoa kidogo tu unaganda mdomoni. Tsofa alikula, maskini, hakuwa mtu wa kukataa sahani. Na kadiri alivyokula ndivyo suruali ilivyozidi kuteremka, mpaka akawa anaifunga kwa kamba ya katani aliyotoka nayo bandarini.

Sasa nitasema jambo la chooni, na anayeona kinyaa azibe masikio. Nyumba yetu ni ya zamani, choo cha chini ni kimoja, na mimi ndiye ninayekisimamia. Nikaanza kuona kitu cheupe, cha rangi ya chokaa, kinaelea, na utando wa mafuta juu ya maji. Unamwaga ndoo, kinarudi. Nikamwita Kache, nikamwambia, "Mwanangu, samli yako yote iko kule chooni. Huyu mume humlishi, wapitisha chakula tu." Alininunia siku kadhaa. Hata salamu yake ikawa ya nusu mdomo.

Lakini macho ya Tsofa yakageuka manjano, akaanza kujikuna usiku na mchana, akijisugua mgongo kwenye pembe ya mlango hadi ngozi ikachubuka. Kwanza walikwenda kwa mtu mmoja kule Mwembe Tayari anayeuza mizizi ya homa ya manjano. Akanywa, akatapika, akazidi manjano. Hapo ndipo Kache akaacha kuninunia. Akapanda ngazi kuja kwangu, akaniomba niwasindikize hospitali, ati kwa sababu mimi nina mdomo. Kweli ninao, na siku zile niliutumia.

Daktari aliyemwona anaitwa Odera, mtu mpole wa maneno machache. Alitueleza kwamba ndani ya tumbo la Tsofa kuna uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na uvimbe ule umeukandamiza mfereji wa nyongo. Nyongo haishuki tumboni, inarudi kwenye damu, ndiyo maana ya umanjano na kujikuna. Walijaribu kupitisha kijibomba wauzibue, hakikupita. Ilibaki kupasuliwa, nao ni upasuaji mkubwa. Akamtazama Tsofa kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema waziwazi kwamba mwili ule ukilazwa mezani hautaamka. Kwanza aongeze nguvu. Alete kilo nne zaidi, halafu watazungumza habari ya kisu.

Kilo nne. Kwa mwanamke aliyemlisha mwanamume mpaka akawa jitu, kilo nne ni nini? Niliona uso wa Kache ukichangamka. Alidhani amepewa kazi anayoiweza.

Tukapelekwa kwa msichana wa lishe, Janet Nasipwondi, mtu wa Bungoma, mrefu, sauti ya pole. Kache akaanza kumhesabia atakavyompikia: samli, tui, shahamu. Janet akamwacha amalize. Kisha akasema hapana, hayo yote aache. Kache akashika kidevu. Kuambiwa aache mafuta wakati mumewe anatakiwa kunenepa! Mimi nami nilitaka kutia neno, lakini Janet alikuwa ameshachukua karatasi na kuanza kuchora.

Alichora chanuo lenye meno matatu tu. Akasema kila mafuta unayoyajua, yawe ya samli, ya nazi, ya samaki au ya simsim, ukiyachungulia kwa ndani kabisa ni chanuo kama lile: mgongo mmoja, meno matatu yameng'ang'ania. Tofauti iko kwenye meno. Ya samli na ya shahamu yamenyooka, hupangana kama njiti za kiberiti, ndiyo maana huganda. Ya samaki na ya simsim yamepinda, hayapangiki, ndiyo maana hubaki maji hata kwenye baridi. Na meno hayo mengi ni marefu. Marefu hayaingii mwilini hivi hivi. Lazima nyongo iyavunje kwanza yawe matone madogo, kama sabuni inavyovunja mafuta kwenye sufuria, halafu maji ya kongosho yaje kuyakata yatoke mgongoni. Tsofa hana nyongo tumboni, na kongosho lake limelemaa. Kwa hiyo anachokula cha mafuta kinapita kilivyo, nacho kinabeba vingine na kutoka navyo.

Kache alikuwa ameinama akisikiliza. Akauliza, polepole, mafuta kazi yake ni nini hasa, kando na unene. Janet akasema unene ndiyo kazi ya mwisho, akiba ya kuni kwa siku ya njaa. Mwili wote, akasema, ni vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ukuta wa kila kijumba umejengwa kwa mafuta. Ubongo, ukiukausha maji, zaidi ya nusu yake ni mafuta. Mishipa ya fahamu imevishwa mafuta kama nyaya za umeme zinavyovishwa. Figo zimekalia mto wa mafuta. Na ziko vitamini ambazo hazipandi chombo kingine ila mafuta: ya kuona gizani, ya mifupa, ya kulinda kuta zenyewe, na ya kugandisha damu. Yakikosa kuingia mafuta, na hizo hukosa kuingia. Akamwomba Tsofa afungue mdomo. Ufizi ulikuwa na damu.

Tulipotoka, Kache alisimama koridoni akaegemea ukuta. Akaniambia miaka yote hii alidhani mafuta ni utamu tu. Nikamwambia hata mimi, na nimekula mengi kuliko yeye.

Tsofa akadungwa sindano za vitamini. Kisha Janet akampa Kache chupa ndogo. Ndani yake mlikuwa na mafuta meupe mithili ya maji, hayana harufu. Hayo, alisema, meno yake ni mafupi. Mafupi hayahitaji nyongo, hupita moja kwa moja kwenye damu hadi ini. Yamechaguliwa ndani ya mafuta ya nazi kama mtu anavyochagua mchele, yakaachwa mafupi matupu. Atiliwe kidogo kidogo kwenye uji, yasikaangiwe kitu, na mafuta mengine asionje mpaka wakutane tena.

Ukitaka kumtesa mpishi, mwambie apike bila mafuta. Kache alimchemshia samaki kwa ndimu na chumvi. Alimpikia wali mkavu. Jikoni mwake hamkuwa na harufu, na yeye mwenyewe alikuwa akizunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Tsofa akitazama sahani anauliza, "Mama Mercy, leo umepika au umeosha?" Mercy ni binti yao, kaolewa Taveta. Kache hucheka, halafu huenda kwenye karai lake nje, kuwakaangia watu wengine kile ambacho mumewe haruhusiwi.

Lakini chupa ile ilifanya kazi, na nasema ukweli. Choo kilirudi kuwa choo. Kukonda kulisimama. Akapata hata nguvu ya kupanda ngazi kuja kunisalimia, akakaa akanisimulia vituko vya mabaharia. Nilianza kuamini.

Chupa ikaisha. Hospitalini wakasema nyingine imeagizwa Nairobi. Tukaenda tena, imeagizwa Nairobi. Tukapita duka la dawa moja baada ya jingine, mimi mbele na mdomo wangu, Kache nyuma na chupa tupu mkononi. Wengine hawakuwahi hata kuisikia. Mmoja alituletea mafuta ya nywele, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Janet alikuwa amekwenda likizo kwao, na aliyekaa kwenye kiti chake alitutajia tarehe tu ya kurudi. Tsofa akaanza tena kuteremka. Unamtazama asubuhi, unamtazama jioni, unaona.

Siku moja nikasikia mbuzi ya kukunia nazi ikilia uani tangu alfajiri. Nikachungulia. Kache amekaa kitako, leso kiunoni, gunia la nazi pembeni, kaka yake kamletea kutoka Rabai. Alikuwa ameshakuna beseni zima. Akaikamua nazi kwa kifumbu, akalimimina tui katika sufuria kubwa, akaliweka motoni na kukaa nalo mpaka maji yakaondoka yote, mafuta yakapanda juu, safi, yananukia hadi msikitini. Nikamuuliza vipi. Akanijibu bila kuinua macho, na maneno yake nayakumbuka yote.

"Bi Khairiya, Janet mwenyewe kasema ya chupa yamechaguliwa ndani ya nazi. Basi mimi nampa nazi yote. Mafupi yatabaki mwilini, na marefu yatapita zake, kama yalivyokuwa yakipita."

Wewe ungemjibu nini? Nililigeuza lile neno huku na huku, nikaliona zima. Tena nikamsifu. Habari ya kungoja Janet arudi haikutajwa hata mara moja. Mrabai aulize mtu wa Bungoma mambo ya nazi? Babu yake Kache alikuwa mgema, mama yake alikuwa akiuza mafuta ya nazi, yeye mwenyewe alipakwa hayo siku aliyozaliwa. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho hakuhitaji kufundishwa, kilikuwa hicho.

Tsofa akawa anakunywa vijiko, asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa akifumba macho akimeza. Vya chooni vikaanza tena kuelea, na Kache akaniambia kwa furaha kwamba hayo ndiyo marefu yanaondoka. Kila kitu kilikuwa na jibu lake.

Halafu kitambi kikarudi.

Kwanza kidogo, kama mtu aliyekula akashiba. Baadaye shati halikufunga. Kache alimpeleka kwenye mzani wa duka la dawa hapo kona, akarudi mbio na leso imeanguka mabegani. Kilo tatu. Siku chache baadaye, nne na ushee. Alinishika mikono yote miwili akalia, na mimi nikalia naye pale ngazini kama watoto. Jioni hiyo kila aliyepita alipata kiazi, hata wasiokuwa na nia ya kula. Watu wakapiga vigelegele, wakasema tangazo limerudi mahali pake.

Sasa nikikaa peke yangu nakumbuka mengine. Nakumbuka uso wake haukunenepa. Nyama za mashavu zilikuwa zimekwisha, na pande mbili za paji la uso zilikuwa zimebonyea. Lakini nani anatazama uso wa mtu ambaye kitambi chake kimerudi? Viatu vyake vilikuwa havimwingii, akatoka kwa kandambili, akasema viatu vimemkataa. Tulicheka. Jumapili moja Kache alimchukua mumewe mpaka ufukweni pale Mama Ngina wapunge upepo, wakanunua mihogo, wakakaa kwenye ukuta kutazama watu. Magharibi ilipoingia Tsofa akamshika mkono akamuuliza mbona wamezima taa. Taa ndiyo kwanza zilikuwa zimewashwa, na wauza mihogo walikuwa wamemulika kila kona. Kache alinisimulia hayo kesho yake huku akikuna nazi, na mkono wake haukusimama.

Siku ya kurudi hospitali alimvisha shati jeupe la kanisani, likabana tumboni, akafurahi linavyobana. Muuguzi akampandisha mzani, akaandika. Kache akanigeukia, uso wote umefunguka. Miaka yote sijamwona mtu amejivuna vile, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Daktari Odera hakuutazama mzani sana. Alimlaza Tsofa, akamgonga tumbo kwa vidole huku na huku, akisikiliza. Akainua miguu ya suruali. Akaweka kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, akakandamiza, akangoja, akakitoa. Pakabaki kishimo. Sote wanne tulikitazama kile kishimo, na hakikujaa.

"Daktari, kilo zimefika," Kache akasema. "Zimepita hata."

"Ni maji, mama."

"Maji ya nini?"

Akaeleza kwa upole, maskini, kama anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika. Maji yametoka kwenye mishipa na kujaa tumboni na miguuni, kwa sababu damu imekosa nguvu ya kuyashika na ini limechoka. Ukiyaondoa maji, Tsofa amepungua kuliko siku ile ya kwanza. Akatuonyesha na picha. Kwenye ini mlikuwa na vidoa, mbegu za ule uvimbe, zimeshatawanyika. Habari ya kisu imekwisha. Atapewa dawa za maumivu, arudi nyumbani.

Kache alikuwa bado amesimama kando ya mzani, mkono mmoja umeushika. "Kwa hivyo hizi kilo si zake?"

"Si zake, mama," Daktari akasema.

Tsofa akajishusha kitandani mwenyewe, akatafuta kandambili zake kwa miguu.

Janet alikuwa amerudi kazini. Sikutaka tuingie kwake, nilitaka twende nyumbani, lakini Kache aliingia bila kubisha hodi akamweleza yote, gunia, sufuria, vijiko. Janet alikaa kitini akafunika mdomo. Hakumkemea. Angemkemea ningemvua nywele. Akasema nazi nzima si ile ya chupa. Meno ya nazi mengi ni ya urefu wa kati, na mwili huyahesabu karibu yote kama marefu. Yale mafupi kweli ni machache mno. Ili mtu apate ya kutosha anywe mengi kiasi kwamba yaliyobaki yatamfukuzia chakula tumboni, na hizo vitamini za macho na za damu zitoke pamoja nayo. Kisha akayawahi maneno yake. Akasema uvimbe ndio uliofanya hivi, na hata ile chupa ingalikuwepo wangefika hapa hapa, pengine wakachelewa kidogo tu. Kosa si lake.

"Afadhali ungesema ni langu," Kache akamwambia. "Ningejua pa kulilia."

Nilikasirika siku ile. Niliikasirikia Nairobi, nikamkasirikia msichana wa watu kwa kwenda kuwaona wazazi wake, nikaikasirikia minazi ya Rabai yote. Hasira yangu haikumsaidia mtu. Kache alirudi nyumbani akayamwaga mafuta yaliyobaki kwenye kopo, akaosha mbuzi, akaiangika.

Zimepita Ijumaa chache tangu siku hiyo. Tsofa yu hai bado. Anakula vijiko viwili vitatu vya uji, basi. Ule umanjano umekolea ukawa kama wa shaba. Lakini alitaka kitu kimoja, na alikisema mbele yangu, siku ile tuliporudi kutoka hospitali, akiwa amekalia kitanda chake.

"Mama Mercy, nitoe nje niwe nakaa barazani. Na hili la maji usimwambie mtu. Waone kitambi. Nikiondoka, waseme mkewe alimlisha mpaka siku ya mwisho."

Kache akakataa. Akasema hawezi kupokea sifa za uongo, Mungu anamwona. Tsofa akamwambia Mungu anajua alivyokuwa akiamka alfajiri kukuna nazi, kwa hivyo si uongo. Hapo Kache akaanza kumtafutia mto wa kukalia, na mimi nikatoka nikawaacha.

Sasa kila alasiri anamtoa. Anamkalisha kwenye mto, anamvisha kanzu pana ya marehemu mume wangu, niliyowapa mimi, anaitandaza leso juu ya miguu ili isionekane. Miwani nyeusi inafunika macho. Na Kibokoni inapita. Wanasema mashaallah. Wanasema Kache wewe ni mwanamke. Wanawake vijana wanamuuliza humpa nini, nao waende wakawape waume zao. Yeye huinamia karai, hujibu ahsante, tunashukuru, na hugeuza viazi. Mimi niko juu dirishani, nasikia kila neno, na wallahi kuna siku nataka kumwaga ndoo ya maji juu ya vichwa vyao wote.

Jana alikuja Joab, mwenzake Tsofa wa bandarini, walikuwa wakifunga makontena pamoja. Hakuwa amemwona tangu alipoacha kazi. Alisimama katikati ya njia akapiga makofi, akacheka kwa sauti, akampa Kache mkono na kuutikisa sana. "Shemeji, hongera. Tuliambiwa amekwisha, kumbe umetufichia pandikizi la mtu. Haya, bwana, kazini lini?"

Kache alikuwa na upawa mkononi. Nilimwona ameusimamisha juu ya mafuta, matone yanadondoka.

Tsofa akajishika tumbo kwa mikono miwili, taratibu, akageukia kule sauti ilikotoka. "Ngoja nipungue kidogo kwanza, Joab," akasema. "Nikipanda na hiki, meli itazama."

Joab alicheka mpaka akashika ukuta. Tsofa naye akacheka, kicheko kifupi, akishikilia ubavu. Kisha akamgeuzia Kache uso na kungoja, mpaka alipomsikia na yeye akicheka. Kache akamfungia Joab viazi vyake kwenye karatasi, akamwambia tunashukuru.